Bi Mwalimu na Busati la Mishale

Bi Mwalimu hakupenda kuamkiwa na mtu anayehema. Ukipanda ngazi mbio ukamtolea salamu ukiwa bado mlangoni, alikuacha umesimama hapo hapo, viatu mkononi, mpaka kifua kikutulie. Kisha alisema, "Haya, lete tena. Ile ya kwanza uliitupa." Wasichana kumi na mmoja tuliosoma Kurani kwake tulijifunza kwanza kupanda ngazi taratibu. Herufi zilikuja baadaye.

Sitalitaja jina lake. Katika jengo letu la Matrah hakuna aliyelitumia, hata mumewe, ambaye alimwita "Mwalimu" kama vile na yeye alikuwa mmoja wetu, amekaa mkekani na juzuu yake. Aliishi ghorofa ya tatu, juu kabisa, ambako jua la Muscat lilipiga dari mchana kutwa. Chini yake, ghorofa ya pili, alikaa Bi Zuwena. Chini ya Bi Zuwena tulikaa sisi: baba, mama, kaka yangu Said, na mimi. Karibu jengo zima lilikuwa la watu waliotoka Unguja na Pemba. Ukipita ngazini saa saba mchana uliweza kujua kila nyumba imepika nini, na nani kaunguza.

Leo Bi Mwalimu hayupo, na Bi Zuwena hayupo. Naweza kusema.

Alikuwa mfupi, na mikono yake ilikuwa midogo kama ya mtoto wa miaka kumi. Mikono hiyo ndiyo iliyofundisha. Palipokuwa na herufi ya kuvutwa hakupiga meza wala hakushika kijiti. Alikunja vidole, kimoja baada ya kingine, kwa mwendo ambao haukuwahi kubadilika, awe na furaha au amekasirika, iwe Ramadhani au siku ya kawaida. Pa kuvutwa kwa hesabu ya mbili alikunja viwili. Pa sita alimaliza mkono mmoja akaenda kuchukua kidole cha mkono wa pili. "Ipe haki yake," alisema. "Usiipunje." Aliyekatisha mapema alirudishwa mwanzo wa aya. Aliyezidisha ili tusikie sauti yake nzuri alirudishwa mara mbili.

Alitukataza kutafuna darasani, na yeye mwenyewe alitafuna ubani tangu alasiri mpaka magharibi. Siku moja msichana mmoja jasiri alimuuliza mbona yeye anatafuna. "Mie natafuna kwa ajili ya tumbo," alijibu. "Nyinyi mnatafuna kwa ajili ya maringo." Tulicheka, naye akatuacha tucheke, halafu akainua kidole kimoja na kicheko kikakatika.

Watu wasiomjua vizuri walidhani ni mkali tu. Hawakuwahi kuwa kwake siku ya mieleka. Bi Mwalimu, ambaye hakuruhusu redio iwashwe nyumbani mwake, aliangalia mieleka ya televisheni kila ilipoonyeshwa, amekaa chini, mtandio umemteremka mabegani, anamfokea mwamuzi kwa Kiswahili. "Kipofu huyu! Wewe, geuka! Anamnyonga mwenzake nyuma yako!" Mumewe alikaa kwenye kiti nyuma yake akicheka bila sauti, mabega yakimtikisika. Alikuwa mzee mrefu, mpole, aliyestaafu ofisi ya serikali, na alikuwa na kompyuta aliyoinunua ili kuwaandikia barua ndugu zake wa Unguja, ingawa barua zenyewe aliziandika kwanza kwa kalamu.

Harusini sikupata kumwona akicheza. Wanawake wa jengo letu walikuwa wachezaji wakubwa. Ikilia ngoma hata Bi Zuwena na magoti yake aliingia uwanjani. Mama yangu, ambaye alikuwa rafiki yake wa karibu kuliko wote, alimvuta mkono mara nyingi. "Twende, shoga, hatua mbili tu." Bi Mwalimu alicheka akajitoa. "Nenda wewe, mie nitakushikia mkoba." Kwao hawakuchezeshwa, alisema, na mtu aliyefika utu uzima bila kucheza haanzi. Alikaa pembeni na mikoba saba mapajani, akipiga makofi.

Kila alfajiri, baada ya sala, yeye na mumewe walishuka na kutembea kando ya bahari mpaka karibu na bandari, kisha wakarudi. Alikuwa na sukari, na daktari alikuwa amemwambia kwamba miguu yake inataka kutembezwa kila siku. Mume alitangulia hatua mbili, mikono nyuma. Waliongea njiani au hawakuongea, sijui. Sisi tulikuwa bado tumelala. Mama alisema wavuvi waliwajua, na siku wasipopita waliulizwa kesho yake walikuwa wapi.

Mume alifariki ghafla, wiki moja baada ya Idi, mwaka niliotimiza miaka kumi na miwili.

Mjane wa kwetu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki nyumbani ila kwa dharura, hajitii manukato wala wanja, havai kinachong'aa. Na ngoma na nyimbo hazina nafasi katika nyumba hiyo. Bi Mwalimu alikaa eda kama alivyofanya kila kitu, yaani kwa ukamilifu. Alivaa kanzu nyeupe isiyo na hata ua moja. Alizigeuza picha zikatazama ukuta. Televisheni aliifunika shuka, na mieleka ikapita bila yeye. Darasa tu ndilo halikusimama. Tulipanda alasiri kama kawaida, akatufundisha kama kawaida, vidole vikakunjika kwa mwendo ule ule. Tulipomaliza alibaki amekaa anatazama mlango, na nilijua kwamba anatusubiri tuondoke ili asiwe na haja ya kuushikilia uso wake.

Mwezi wa pili sukari ilipanda. Daktari, mwanamke wa Kihindi aliyezungumza naye Kiarabu cha kuungaunga, alimwambia tena: nusu saa kila siku.

"Nitatembea wapi, daktari?" Mama aliyempeleka ndiye aliyetusimulia. "Nna chumba, nna ukumbi, nna jiko."

Alijaribu. Alitembea ukumbini kwenda na kurudi mpaka akapata kizunguzungu cha kugeuka. Nilimkuta siku moja ameshika ukuta.

Sasa nieleze kuhusu busati. Kaka yangu Said, kabla ya kwenda kusoma Malaysia, alikuwa na ugonjwa mmoja na vijana wengine wote wa umri wake: mchezo wa kompyuta ulioiga zile mashine za kuchezea ngoma zilizokuwa kwenye vituo vya michezo. Mashine zenyewe zilikuwa Qurum na pengine Dubai, na sisi wa Matrah hatukuzifikia ila siku za sikukuu. Lakini programu ilikuwa kwenye sidii, na sidii ilipita mkono kwa mkono. Ukiitia kwenye kompyuta, mishale minne ilipanda kutoka chini ya kioo mpaka juu, mmoja wa kushoto, wa kulia, wa mbele na wa nyuma. Kule juu ilikutana na vivuli vyake. Ulitakiwa uwe na busati la plastiki sakafuni, lenye mishale minne hiyo hiyo, limeunganishwa kwa waya, na mshale ulipofika kwenye kivuli chake wewe uukanyage wa sakafuni. Ukiwahi au ukichelewa, kompyuta inakuandikia umekosa. Vijana walitia na nyimbo zao humo, wakazipangia mishale wenyewe, mmoja mmoja, jioni nzima kwa wimbo wa dakika mbili. Said alipoondoka aliniachia busati na sidii, akaniapisha nisilikanyage na viatu.

Nilikuwa mtoto. Niliona mtu anayetakiwa kutembea na hana pa kutembea, na nilikuwa na kitu cha kutembelea bila kutoka mahali ulipo. Nilimwambia.

"Hiyo ni ngoma," alisema Bi Mwalimu.

"Tukiifunga sauti, si ngoma."

"Ukiifunga sauti inakuwa nini?"

Nilifikiri. "Inakuwa mishale tu."

"Wanawake je? Nimeona kwa kaka yako, kuna wanawake wanarukaruka huko nyuma."

"Hao nitawatoa."

Aliniuliza maswali kama hakimu kwa siku mbili. Kisha akasema, "Haya, ilete mishale. Sina cha kuficha, lakini sina cha kutangaza pia." Nililikunja busati ndani ya khanga nikapanda nalo.

Tulianza na mwendo wa wanaojifunza, mshale mmoja baada ya mwingine, mbali mbali. Wenzangu walipokwisha kuondoka, mimi nilibaki kwa kisingizio cha kufagia. Niliwasha kompyuta ya marehemu, nikahakikisha kitufe cha sauti cha spika kimefungwa, na Bi Mwalimu akapanda busatini peku, akiikusanya kanzu kwa mkono mmoja.

Mchezo ule umetengenezwa kwa masikio. Kila kijana niliyemjua alifuata ngoma, na macho yalimsaidia tu. Bi Mwalimu aliucheza kama kiziwi. Ilikuwa kimya kabisa, ila kishindo cha nyayo na feni ya darini. Nilikuwa sijawahi kuona kitu cha ajabu kama kile, mwanamke wa makamo katika nguo za eda, akitazama kioo kwa utulivu wa mtu anayesoma, akikanyaga mbele, kushoto, nyuma, kulia, wimbo ambao hausikiki.

"Hapo imeandika nini?"

"Imeandika vizuri sana."

"Na hapo?"

"Umekosa."

"Haina haya mashine hii. Mtu anavuta pumzi, inamwambia amekosa."

Mishale mingine ilikuwa na mkia mrefu. Mshale wa namna hiyo ilibidi uukanyage na ubaki umeukanyaga mpaka mkia uishe. Alipoiona mara ya kwanza aliuliza huu mrefu ni wa nini, nikamweleza, na kwa furaha ya kupata mfano nikasema, "Kama kuvuta herufi, Bi Mwalimu."

Alishuka busatini. "Usifananishe," alisema. "Astaghfirullah. Usifananishe tena kabisa."

Sikufananisha tena. Lakini kila ulipokuja mshale mrefu nilimtazama mkono uliokuwa huru, ule usioshika kanzu, nikaona vidole vikikunjika. Hakuukosa hata mmoja. Mishale mifupi ilimshinda mara kwa mara. Mirefu aliipa haki yake yote.

Sukari ilishuka. Daktari alimuuliza anafanya nini. "Natembea," alisema.

Kwa miezi hiyo alipenda wimbo mmoja kuliko yote, kama mtu anaweza kupenda wimbo asiousikia. Ulikuwa na mishale mirefu mingi. Said ndiye aliyeutia, ngoma ya harusi ya huku kwetu Ghuba, nzito, ya makofi na vigelegele. Sikumwambia ni wimbo gani. Hakuuliza.

Bi Zuwena, huko chini, alisikia vishindo. Alimwambia mama ngazini, "Mwalimu anatwanga nini kila siku jioni? Mie nasubiri nionjeshwe."

"Bizari labda," mama alisema.

"Bizari gani ya miezi miwili? Anauza?" Wakacheka. Niliwapita nimeshika ufagio.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu eda iishe. Ilikuwa Alhamisi, kipoza hewa chake kilikuwa kimeharibika, na madirisha yote yalikuwa wazi. Bi Mwalimu alikuwa juu ya busati, amenipa mgongo, na wimbo wake aupendao ulikuwa umeanza kupanda kiooni. Alikuwa ameshauzoea kiasi kwamba hakukosa tena. Nilikuwa nimesimama karibu na meza. Nilimwonea huruma, na nilitaka kumpa kitu. Nadhani nilitaka ajue kwamba anaweza. Nikazungusha kitufe.

Ngoma ilijaa chumbani. Nyayo zake na ngoma zilikuwa kitu kimoja tangu pigo la kwanza. Hakugeuka. Niliona mgongo wake tu, na kanzu, ambayo aliiachia ikaanguka. Sikuthubutu kusogea. Wimbo ulikwenda, makofi yakaja, vigelegele vikaja, miguu ikafuata, mpaka mwisho wake. Kisha kimya, na katika kimya kile tukasikia kandambili za Bi Zuwena zinapanda ngazi.

Nilikimbilia jikoni nikasimama nyuma ya pazia.

Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Bi Zuwena alisimama kizingitini. Kutoka nilipokuwa nilimwona upande mmoja wa uso, kinywa wazi. Bi Mwalimu alikuwa bado juu ya busati, jasho linamtiririka, mtandio shingoni.

"Samahani, Bi Mwalimu," Bi Zuwena alisema. "Nilidhani mna wageni."

"Hakuna wageni," alisema Bi Mwalimu. "Ni mie."

Hivyo tu. Hakutazama jikoni.

Bi Zuwena alishuka. Bi Mwalimu alikaa chini, palepale busatini. Nilipotoka aliniambia nifagie, kisha niende nyumbani, na sauti yake haikuwa na hasira.

Miaka yote iliyofuata nilijiambia jambo moja: hakuacha kukanyaga kwa sababu hakujua kuifunga sauti. Kompyuta ile ilikuwa ya marehemu. Mimi ndiye niliyeiwasha na kuizima. Ngoma ilimwangukia ghafla, akashikwa na bumbuwazi, miguu ikaendelea yenyewe. Kosa lote lilikuwa la mkono wangu.

Hakuna aliyemgombeza. Kwetu hatugombezani kwa mambo kama hayo. Jumamosi wasichana wawili hawakuja, mmoja ana homa, mwingine ana mtihani. Jumatatu tulikuwa sita. Mama zao walipokutana na Bi Mwalimu dirishani walimsalimia vizuri sana, vizuri kuliko zamani. Wiki ya pili tulikuwa watatu. Alikuwa pia ndiye aliyeitwa kuosha maiti ya mwanamke yeyote wa jengo letu. Mwezi ule akafariki bibi mmoja wa ghorofa ya kwanza, na wakaita mtu kutoka Ruwi.

Mama yangu alikuwa wa mwisho kuamini. "Angesema mtu mwingine ningekataa," alimwambia baba. "Lakini Zuwena kamwona kwa macho yake. Mtu na eda yake." Kisha akaja chumbani kwangu, akafunga mlango, akakaa kitandani.

"Weye unabaki kule kila siku. Siku ile ulikuwepo?"

Ningeweza kusema. Nilikuwa na jibu lote, na lilikuwa fupi. Nilifikiria busati la Said, nilifikiria baba, nilifikiria wasichana kumi wakijua ni mimi.

"Nilikuwa nishashuka," nilisema.

Mama alinitazama. "Hujaona kitu?"

"Sijaona."

"Si ajabu kuna maelezo yake," alisema, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwangu. "Nitamsubiri aseme mwenyewe. Hata akinambia la uwongo nitalipokea. Lakini aseme."

Hakusema. Mama alinipeleka kwa mwalimu mwingine, nami nikaenda.

Eda ilipokwisha, mtoto wa kaka yake alikuja kumchukua akakae naye Al Khoudh. Alihama mchana. Jengo zima likapata kazi ya ghafla huko ndani. Nilimwona kupitia kwenye tundu la mlango akishuka na mfuko mmoja mkononi, taratibu, ngazi moja moja. Alipofika mbele ya mlango wetu alisimama. Nilidhani atabisha. Mama alikuwa nyuma yangu ukumbini, amesimama vilevile, mkono kifuani. Hakubisha. Mama hakufungua.

Miaka saba baadaye mama alifariki. Siku ya pili ya msiba, katika chumba kilichojaa wanawake, niliinua macho nikamwona Bi Mwalimu amekaa karibu na mlango, penye viatu vya watu. Alikuwa amepungua. Mguu mmoja ulikuwa na bendeji. Alisoma alichokuja kusoma kwa sauti ya chini, akampa mkono kila mtu aliyekuwa karibu naye, na Bi Zuwena akiwa mmoja wao, akaondoka kabla ya chakula kuletwa. Nilipomfuata nje gari ilikuwa imeshaondoka.

Nilimwendea wiki ya tatu. Nilikuwa nimepata leseni karibuni. Niliendesha mpaka Al Khoudh nimeshika usukani kama mtu anayezama. Alikuwa chumba cha nyuma, kitandani, madirisha yakitazama bustani ndogo yenye mndimu. Nilimsalimia. Hakuniambia nirudie. Alinishika mkono akanikalisha pembeni yake, akaniuliza baba anakula vizuri, Said amerudi, mie nasoma nini. Nilijibu yote, halafu nikasema.

"Bi Mwalimu, mie ndiye niliyefungua sauti siku ile."

"Najua."

"Na mama aliponiuliza, nilisema sikuwepo."

Hilo hakulijua. Niliona likimfika. Alitazama dirishani.

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Mie nikidhani aliamini tu, kama wenzake." "Basi alitaka kujua, maskini."

Nilianza kulia, na nilipolia maneno yakanitoka kwa fujo. Nilimwambia nitakwenda kwa Bi Zuwena. Nitakwenda kwa mama zao wote, nyumba kwa nyumba, nitawaambia.

"Utawaambia nini?"

"Kwamba hukucheza. Ulikuwa unatembea, na daktari alikuambia. Sauti niliifungua mie, na weye hukujua kuifunga."

"Nani kakwambia sikujua kuifunga?"

Niliacha kulia.

"Kila jioni, kabla sijapanda," alisema, "nilikuwa nakigusa kile kitufe mwenyewe. Weye umeshakifunga, lakini nakigusa. Cha mkono wa kulia, kinazunguka hivi." Alionyesha kwa vidole hewani. "Kilikuwa hatua mbili kutoka nilipo. Siku ile ilipolia nilijua ni weye, mtukutu wee. Nikasema, namaliza mshale huu mrefu, nishuke nimtandike. Ukaja mwingine. Nikasema na huu." Alitabasamu, kisha tabasamu likaisha. "Miguu ilikuwa inaijua ile nyimbo, mwanangu. Miezi mingapi inaikanyaga haijui inakanyaga nini. Toka afe yule mtu sikupata kumsahau hata nikiwa usingizini. Siku ile nilimsahau. Nyimbo nzima, nilimsahau, na nikawa mwepesi."

Nje mtu alikuwa anamwagilia mndimu. Nilisikia maji.

"Zuwena kasema Mwalimu kacheza katika eda yake," alisema. "Kasema kweli. Usinende kunisafisha kwa uwongo."

Nilimwambia wangeelewa. Wangemsamehe wote.

"Wao sina neno nao." Alikuwa ameshika mkono wangu bado, na mkono wake ulikuwa mdogo vilevile. "Mama yako tu. Lau angepanda akaniuliza, yeye ningemwambia. Hili ninalokwambia weye, ningemwambia yeye. Nilikaa wiki tatu naangalia mlango. Nikasema hata siku ya kuhama, atafungua. Hakufungua. Basi nikajua hataki kusikia, na mie sikumlazimisha."

Nilikumbuka ukumbi wetu, na mama amesimama nyuma yangu mkono kifuani, akimsubiri mwenzake abishe. Nilikuwa peke yangu duniani niliyeujua mlango ule kwa pande zote mbili.

"Siku uliyohama mama alikuwa msibani kwa mtu," nilisema. "Hakuwepo nyumbani."

Bi Mwalimu alinitazama muda mrefu. Alikuwa mwalimu, alijua mtoto anapokatisha aya. Kisha uso wake ukalegea taratibu, akakubali.

"Ah," alisema. "Hakuwepo. Ndiyo maana."